Meli ya Kuwekwa Kabatini

Juzi hapa mama mmoja jirani aliingia dukani kwangu, mtaa wa Manyamanyama hapa Bunda, kwa hasira ya mtu aliyechoshwa na shule za siku hizi. Mwalimu wa mwanawe anataka picha ya meli, ya rangi, ya kubandika, na anaitaka kesho asubuhi. Mimi nina steshenari. Natoa kopi, nachapa barua, nawajazia watu maombi ya kazi kwenye mtandao, na nawatafutia watoto wa Bunda picha za vitu ambavyo Bunda havipo. Nikamwonyesha benchi, nikamwambia akae kidogo tu.

Nikaandika meli. Zikaja meli za mizigo, meli za vita, meli za watalii zenye madirisha yasiyo na idadi. Mama hakuzitaka. Yeye anataka ile ya zamani yenye matanga, ndiyo iliyo kitabuni. Nikaandika tena kwa Kiingereza changu cha dukani, nikashuka chini kwenye yale majibu ambayo watu huwa hawayafikii, nikabonyeza moja bila kulitazama vizuri.

Ukafunguka ukurasa wa bluu. Bluu iliyoiva, ndugu yangu, yenye maandishi ya manjano yanayoumiza macho, na juu kabisa nanga ndogo inayozunguka yenyewe bila kuchoka. Sikuwa nimesoma hata neno moja, lakini nilikuwa nimeshajua niko wapi. Nanga hiyo niliitazama nikiwa mtoto ambaye miguu yake haifiki sakafuni, nimekaa kwenye kona ya kiti cha baba mdogo, Musoma mjini, miaka ile intaneti kafe zilipoanza kufunguliwa. Nilisema "Mungu wangu" kwa sauti hadi yule mama akainuka kwenye benchi, akidhani nimemharibia picha.

Nilimchapia meli yoyote yenye matanga, akaondoka ameridhika. Mimi nikabaki na ukurasa wangu. Ndipo nikaliona tangazo jekundu chini ya nanga: wenye mtambo unaohifadhi kurasa hizi za bure wanafunga huduma, na mwisho wa mwezi kila kilichomo kitafutwa. Mwezi wenyewe ulikuwa umeshaanza kuzeeka. Nikamfikiria baba mdogo aliyeko Butiama kwa binti yake, ambaye akili yake nayo inafutika siku hadi siku. Ndani ya ukurasa ule kulikuwa na picha ya meli yake. Hakuna nyingine duniani. Nilitaka aione wakati bado anajua ni nini anachokiona.

Ngoja nikueleze meli yenyewe, maana bila hivyo utaona nahangaikia kitu cha kuchezea.

Mimi nimelelewa na bibi, Mugango, wakati wazazi wangu wakihangaika na maisha yao Musoma. Nyumba ya bibi ilikuwa juu kidogo ya ziwa, katikati ya yale mawe makubwa ya kwetu ambayo mgeni hudhani yamepangwa na mtu. Asubuhi nilishuka na ndoo, nikapanda nayo kichwani, nikajaza mtungi, kisha nikaenda kugeuza dagaa walioanikwa juu ya mawe. Harufu yao iliniingia kwenye nywele ikanifuata mpaka darasani, na hakuna aliyenicheka, kwa sababu darasa zima lilinuka hivyo hivyo. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na furu, visamaki vidogo vyenye miba mingi ambavyo leo nikiwatajia wanangu wananitazama tu. Viazi vikiisha shambani tulikula michembe, yaani viazi vilivyokatwa na kukaushwa, na bibi aliipika kwa karanga mpaka majirani wakajifanya wamekuja kuazima chumvi.

Baba mdogo, mdogo wake baba yangu, alikuwa akiishi humo humo. Alifundisha shule ya msingi ya pale kijijini, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata bibi akiwa amekasirika. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye vumbi la chaki kwenye mifuko yote. Umri wa kuoa ulikuwa umemfika na kumpita kidogo, na bibi aliilaumu meli. Kwa maana baba mdogo alikuwa na ugonjwa wa meli. Utotoni aliwahi kupelekwa bandarini Musoma akaiona moja ikiingia, kubwa, inapiga honi, watu wamejaa juu wanapunga mikono, na tangu siku hiyo hakupona. Wavulana wenzake walichonga vimitumbwi vya mlingoti wa katani, wakakua, wakaacha. Yeye hakuacha.

Ule ukurasa aliupata kwa bahati, kama mimi nilivyoupata tena. Ulikuwa wa mzee mmoja wa Kizungu, wa mbali huko, aliyestaafu, mwenye ndevu nyeupe na muda mwingi. Alitengeneza meli ndogo ndogo za mbao zinazofanana na zile za zamani kwa kila kitu, mpaka misumari, na alieleza hatua kwa hatua mtu afanyeje, kwa michoro na picha. Kulikuwa na sehemu ya kuonyesha meli za wasomaji wake, na kulikuwa na ukurasa mzima wa paka wake. Baba mdogo aliusoma na ule wa paka.

Jumamosi tulipanda pikapu ya wachuuzi wa samaki kwenda Musoma, tukashuka tunanukia sato. Dada wa kaunta pale kwenye kafe alikuwa akituona tu anafungua dirisha. Mtandao wa wakati ule unaukumbuka. Picha ilishuka kidogo kidogo kutoka juu, mlingoti kwanza, halafu matanga, na mara nyingi kabla haijafika majini umeme ulikatika. Mashine ya kuchapa haikuwa na wino, na sidhani kama iliwahi kuwa nao. Basi baba mdogo akaja na karatasi zake laini za kunakilia ramani, akaibandika moja juu ya kioo cha kompyuta, akapitisha penseli juu ya mchoro wa Mzungu polepole, akishikilia pumzi. Kazi yangu ilikuwa kubana pembe za karatasi kwa vidole isiteleze. Dada wa kaunta akapiga kelele.

"Mwalimu, wewe utanitobolea kioo! Hiyo si ubao wa darasani."

"Dada yangu, nabonyezaga taratibu sana. Hata inzi hawezi kusikia."

Kipande baada ya kipande, Jumamosi baada ya Jumamosi, tuliibeba meli ya watu kutoka kwenye kioo cha Musoma mpaka Mugango ikiwa imekunjwa ndani ya daftari la mahudhurio.

Mbao ngumu za mkuku na mataruma, ambayo ndiyo uti wa mgongo na mbavu za chombo, aliomba mabaki kwa maseremala. Ubavuni alitumia plaiwudi ya dari iliyoanguka shuleni. Mzee wa Kizungu aliandika kwamba mbao zipigwe mvuke ndipo zipinde, na chombo cha mvuke nyumbani kwetu kilikuwa kimoja, chungu cha viazi cha bibi. Baba mdogo alipanga viazi chini, majani ya mgomba katikati, plaiwudi juu. Mbao zilipinda vizuri mno. Viazi tulivila vikiwa na ladha ya gundi ya dari, na bibi alitafuna kimya akimtazama mwanawe kwa jicho ambalo lingetosha kupinda mbao bila moto.

Kamba zote za meli zilikuwa nyuzi za nyavu kuukuu, tulizichambua na kuzipaka masizi. Hapo ndipo nilipokuwa na thamani. Vidole vya baba mdogo vilikuwa vinene, vyangu vilipita popote, kwa hiyo yeye alishika koleo na mimi nikashika uzi, na jioni baada ya kuosha vyombo tulikaa uani tukifunga vifundo ambavyo huvioni mpaka uinamishe uso. Hakunifokea hata mara moja. Nikikosea alisema, "Fungua, anza upya, meli haina haraka." Sijawahi tena kufanya kazi na mtu nikaifurahia namna ile, na nimefanya kazi na watu wengi.

Nguo ya matanga ilimsumbua. Ilitakiwa iwe nyeupe, nyepesi, iliyozeeka kidogo. Siku moja ikapatikana, na sikuuliza.

Ilipokamilika ilikuwa na urefu wa mkono wangu wote, milingoti mitatu, ngazi za nyuzi, usukani unaogeuka. Aliiweka juu ya sanduku lake la nguo chumbani. Watu wakaanza kuja kuitazama. Wavuvi walisimama mlangoni, wanaume wazima wenye mikono iliyopasuka kwa nyavu, wakaikagua chini, juu, wakagusa kwa kidole. Halafu wote wakauliza swali moja. Inaingia lini majini?

Baba mdogo aliwaeleza. Mzee wa Kizungu ameandika waziwazi kwamba meli hizi si za majini, ni za kutazamwa, na yeye amelielewa hilo vizuri. Wakacheka. Yakawa ndiyo maneno ya kijijini. Akipita njiani wanamwambia, "Mwalimu, meli yako inaogopaga maji?" Na yeye anatabasamu, anapita. Hayo angeyavumilia. Bibi ndiye aliyemshinda.

"Mwanangu, hii ni chombo ama ni pambo?" alimwuliza jioni moja, mimi nikiwa napepeta mtama. "Mimi nimezaliwa hapa ziwani. Chombo kisichoguswaga na maji sijaona."

"Mama, hii ni ya kuangalia tu. Wenyewe wanaiwekaga kabatini."

"Kabati gani? Sisi tuna kabati hapa?"

Na kweli, hatukuwa na kabati.

Kwetu mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, chombo kipya kina taratibu zake. Kinapewa jina la mtu wa nyumbani, kinaombewa, watu wanakula, ndipo kinasukumwa. Chombo kikikaa nchi kavu bila sababu watu huanza kuuliza kuna nini katika nyumba hiyo. Bibi hakutaka kuulizwa. Akatoa jina la mama yake mzazi, ambaye mimi sikumwona, na baba mdogo akaliandika nyuma ya meli kwa rangi nyeupe, herufi ndogo zilizonyooka. Nadhani hapo ndipo aliposhindwa kukataa. Utamwambia nini mama yako, jina la mama yake likiwa limeshaandikwa?

Ikapangwa Jumapili baada ya ibada, kwa kuwa katekista alikuwa anakuja kwetu siku hiyo. Wavuvi walishauri isubiriwe alasiri, maana asubuhi upepo wa kwetu unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na mchana ndio unageuka kurudi. Lakini katekista alikuwa na baiskeli yake na kigango kingine cha kwenda. Basi ikawa asubuhi. Baba mdogo akaomba angalau aifunge kwa mshipi wa kuvulia, aishike mwenyewe. Bibi akaona aibu mbele ya watu.

"Mbuzi ndiye anafungwaga kamba," akasema.

Mpiga picha alikuja kutoka Musoma na kamera yake kifuani. Baba mdogo alivaa suti yake ya kahawia. Mimi nilivaa gauni la njano lenye kola kubwa, la ibadani. Tukasimama mbele ya jiwe, yeye ameshika mbele ya meli, mimi nimeshika nyuma. Bibi alikataa kuingia kwenye picha, akasema meno aliyobakiza hayatoshi.

Tuliimba, katekista akaomba, akanyunyiza maji. Baba mdogo akaingia ziwani mpaka magotini, suruali imekunjwa, akaiweka juu ya maji kwa mikono miwili kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Nilitegemea izame. Kweli nakuambia, watu wengi pale walikuja kuiona ikizama. Haikuzama. Iliyumba kidogo, ikajiweka sawa, na upepo ukaingia kwenye matanga yakajaa yote kwa mara moja, meupe, na katika lile tanga kubwa la katikati likaonekana wazi kabisa ua la nyuzi nyekundu lililodariziwa pembeni.

"Gagulo langu!" bibi akapiga yowe.

Pwani nzima ikaangua kicheko. Wanawake walikaa chini mchangani. Katekista aligeuka akatazama milima. Gagulo la bibi, la kuvaa chini ya gauni, lilikuwa linaondoka Mugango mbele ya kanisa lote, na bibi mwenyewe baada ya kuona haya akaanza kucheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Ilikuwa furaha ambayo sijui niielezeje. Na wakati sisi tunacheka, meli ilikuwa inakwenda.

Baba mdogo ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Meli ilikuwa imeshapita pale anapoweza kusimama, nayo inakwenda vizuri kuliko mtumbwi wowote, imenyooka, haitafuti njia. Akapiga hatua, maji yakafika kiunoni, kisha kifuani na suti yake. Hakuwa anajua kuogelea. Akageuka akatutazama.

Mitumbwi ilikuwepo, imejaa mwaloni. Lakini kwetu Jumapili hakuna anayeingia ziwani. Ni makubaliano ya zamani, na ili pasiwe na mjanja, makasia yote hukusanywa Jumamosi jioni na kufungiwa kwenye banda la mwenyekiti wa mwalo. Mwenyekiti alikuwa pale pale na sahani ya mandazi mkononi, na ufunguo mfukoni. Baba mdogo akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama katekista. Katekista, maskini, ambaye hata si mtu wa pale, akamtazama bibi, kwa sababu bibi ndiye aliyekuwa mkali wa Jumapili kuliko wote. Msimu mmoja kabla ya hapo alimwaibisha hadharani mtu aliyekwenda kutega nyavu siku ya Bwana.

Bibi akalitazama ziwa. Nilikuwa karibu naye, niliona akiikaza khanga yake kiunoni.

"Leo ni Jumapili," akasema.

Hakuna aliyebishana. Tulisimama watu wazima na watoto, nyimbo zimetuishia, tukatazama. Ikawa ndogo kama ndege mweupe aliyekaa majini, ikawa nukta nyeupe, halafu ukawa huna hakika kama unaiona au unaikumbuka. Mimi nilikuwa nimeshika viatu vya baba mdogo. Alipotoka majini alivichukua, akasema asante, akaenda nyumbani peku navyo mkononi. Alasiri upepo ukageuka kama wavuvi walivyosema, na tuliteremka naye tukakaa juu ya jiwe mpaka giza. Kesho yake, yalipofunguliwa makasia, wavuvi walitafuta kwa moyo wote, wakauliza mpaka visiwani. Hakuna kitu.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Musoma kama kawaida. Picha ilikuwa imeshasafishwa. Dada wa kaunta akaiingiza kwenye kompyuta, na safari hii hakupiga kelele, alisema tu, "Kumbe ilikuwa nzuri hivi, Mwalimu." Baba mdogo akamtumia mzee wa Kizungu. Jibu lilikuja baada ya muda, lenye furaha, na swali: meli imewekwa wapi? Nilikuwa kwenye kona yangu ya kiti. Nilimwona akitafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja. Aliandika kwamba ipo sebuleni, kabatini, na wageni wote wanaisifu.

Hakutengeneza nyingine. Bibi alimwomba, kwa njia zake. Alimletea mwenyewe gagulo jingine, jipya, akaliweka juu ya lile sanduku la nguo. Baba mdogo alimrudishia limekunjwa vizuri. Hakuwa na hasira naye, na hilo ndilo lililomuumiza bibi. Baadaye alioa, akahamishwa shule, ile picha ya karatasi ikapotea katika kuhama, akapata binti. Bibi alifariki. Mimi nilikwenda sekondari ya bweni, nikarudi nikiwa mtu mwingine. Ile kafe leo inauza makava ya simu. Nyumba ya Mugango imebaki mawe, na mtungi haupo, na hao furu hawapo.

Sasa turudi dukani kwangu. Sehemu ya meli za wasomaji ilikuwepo bado. Nikashuka, nikapita meli za watu wa nchi zote, na chini karibu na mwisho nikaliona jina la Musoma. Kando yake picha ndogo kama stempu. Suti ya kahawia, doa la njano, na kati yake kitu chenye weupe. Mzee aliandika chini yake kwa Kiingereza kwamba hii imetoka Tanzania, kando ya ziwa, kazi safi ya mwalimu, na kwamba anafurahi kujua imepata kabati zuri. Nililia pale pale, mteja akiwa anasubiri kopi ya cheti.

Chini ya picha palikuwa na neno la kubonyeza ili uione kubwa. Nikabonyeza, ikaja karatasi nyeupe yenye maneno kwamba kilichotafutwa hakipo. Nikarudia, nikarudia. Nikamwandikia yule mzee kwa anwani iliyokuwa pale, nikimweleza kila kitu, na barua ikanirudia kabla sijakaa kitini vizuri: anwani haitumiki. Nikawaandikia wenye mtambo, nikajibiwa na mashine iliyonishukuru kwa kuwasiliana nao. Nikamwita fundi wa kompyuta wa kule stendi, mtu mzima, mjuzi. Akakaa, akajaribu, akanywa chai yangu, akasema, "Dada, hiyo kubwa walishaifutaga zamani. Chukua hiyo hiyo ndogo." Unajua nilivyojisikia? Nilijisikia niko mwaloni tena, nimeshika viatu vya mtu.

Nikaivuta ile ndogo mpaka ikajaa nusu ya karatasi. Ikavunjika vipande vya mraba, kama kitambaa cha viraka. Uso wa baba mdogo ukawa mraba mmoja mweusi, wangu vivyo hivyo. Lakini meli, ukiisogeza karatasi mbali kidogo, unaiona. Nikaichapa kwenye karatasi nzito ya picha, nikafunga duka, nikapanda basi hadi Kiabakari, na kutoka hapo bodaboda mpaka Butiama.

Mdogo wangu, huyo binti yake, alinipokea getini akaniambia kwa sauti ya chini nisivunjike moyo. Wiki hiyo baba yake alikuwa akimwita yeye kwa jina la bibi. Nikamkuta amekaa nje juani, amevaa sweta, amenyoa vizuri, mikono juu ya magoti.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Karibu sana. Za utokako?"

Kwa upole ule ule, na kwa adabu ya mtu anayemkaribisha mgeni. Nikakaa kwenye kigoda karibu yake, nikampa karatasi. Aliishika mbali, kisha karibu, kisha mbali tena. Halafu kidole chake kikaanza kutembea.

"Huu mkuku," akasema. "Mninga. Hapa mataruma. Hii usukani, inageukaga hii, usidhani ni ya uongo. Hii kamba ni nyavu, nimepaka masizi mimi mwenyewe." Akacheka kidogo. "Hii tanga nimeiba kwa mama."

Mdogo wangu alikuwa mlangoni na sufuria mkononi, analia bila kujificha. Hakuwahi kusikia habari ya meli yoyote maishani mwake. Na mimi nilifurahi, ndugu yangu, nilifurahi kiasi kwamba nilishika mkono wa baba mdogo na kuubana, na yeye akaniacha niubane. Kidole chake kilikuwa kimefika kwenye lile doa la njano. Kikakaa hapo.

"Huyu mtoto," akasema, "ndiye aliyekuwa ananisaidiaga. Mtoto wa kaka yangu. Ana akili huyu, na mkono mwepesi. Wewe unamfahamu?"

Mdogo wangu akafungua mdomo. Nikamtazama, akaufunga.

"Namfahamu," nikasema.

"Yuko mzima?"

"Mzima kabisa. Yuko Bunda, ana duka."

"Ee, Bunda si mbali," akasema, na uso wake ukaingiwa na kitu kama uchungu, wa mtu mpole ambaye hapendi kulalamika mbele ya mgeni. "Mbona hajagi kunisalimia? Mwambie aje, mama. Mwambie namwulizia."

Nikamwambia nitamwambia.

Mwisho wa mwezi ulifika, na ule ukurasa wa bluu ukiuita leo hakuna kitu. Ile karatasi iko Butiama, wameibandika ukutani juu ya kitanda chake, na wanasema baadhi ya siku anaijua na baadhi ya siku anauliza ni picha ya nini. Mimi naenda kila Jumamosi sasa, nafunga duka mapema. Napeleka sato, ndizi, na gazeti la zamani analopenda kulishika. Ananikaribisha vizuri kila mara, ananiuliza za nitokako, kisha anasogea karibu na kuniuliza kama ujumbe wake umefika. Namwambia umefika. Ananishukuru, na tunakaa pamoja pale nje tukitazama barabara, yeye akimsubiri.